Kurejea Ubaoni: Historia Fupi ya Mchezo Ulioachwa na Kurejewa

Kwetu sisi walimu, neno ubao lina maana moja inayozitangulia nyingine zote: ni ule ubao wa darasani ambao tunasimama mbele yake tangu asubuhi hata jioni, chaki mkononi. Katika makala haya nataka kuzungumzia ubao mwingine, ule usioandikwa bali hukanyagwa. Ubao mfupi wenye magurudumu manne chini yake, ambao mchezaji husimama juu yake, akajisukuma kwa mguu mmoja, akateleza. Vijana wa mijini huuita skeitibodi kwa kufuata Kiingereza. Mimi nitauita ubao wa magurudumu, na wasomaji wenye neno lililo bora zaidi nawaomba wasione haya kunisahihisha.

Yamkini msomaji atauliza mchezo wa watoto wa Amerika unawahusu nini walimu wa Kiswahili, hasa walimu wa huku Nakaloke. Jibu langu ni kwamba historia ya ubao huu ni historia ya kitu kilichopendwa, kikaachwa kwa hofu na kwa aibu, kisha kikarejewa na watu wazima waliokwisha kuambiwa kuwa wakati wao umepita. Na sisi katika Uganda tunacho kitu chetu kilichopita njia hiyohiyo. Nitakitaja mwishoni.

Kigari cha beringi

Nakaloke ni mji mdogo ulio kaskazini ya Mbale, kando ya barabara iendayo Kumi na Soroti. Upande wa mashariki umesimama mlima Elgoni, ambao wenyeji huuita Masaba, na siku isiyo na mawingu genge la Wanale huonekana wazi. Hapo ndipo nilipokulia katika miaka ya sabini.

Wale wa rika langu watakumbuka hali ilivyokuwa. Baada ya Waasia kufukuzwa nchini mwaka 1972, vipuri viliadimika, na malori mengi yalisimama yakaota nyasi. Lori lililokufa ni msiba kwa mwenyewe, lakini kwa watoto ni hazina. Tulikuwa tukiomba beringi kuukuu kwa mafundi wa gari, tukazipachika kwenye ncha za vipande viwili vya mti, kisha tukavipigilia misumari chini ya ubao. Hicho kilikuwa kigari chetu. Mwenye woga alikikalia, mwenye ujuzi alipiga goti, na shujaa alisimama. Chuma juu ya lami kilitoa kelele hata mbwa wakakimbia, na yeyote aliyeanguka alirudi nyumbani goti likichuruzika damu, akadai kwamba amejikwaa.

Nilikuwa miongoni mwa waliosimama. Lakini nilipofikia umri wa miaka kumi na minne, marehemu baba alinikuta siku moja nikiteremka barabarani, akaniita kando. Hakunipiga. Alisema tu, "Mtu anayetaka kuitwa mwalimu hateremki barabarani kama gunia." Kigari nilikitia uvunguni, na siku chache baadaye kikawa kuni. Sikukanyaga tena kitu cha aina hiyo kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini.

Mchezo uliokufa ukafufuka

Wakati huo sikujua kwamba watoto wa Kalifornia nchini Marekani walikuwa wameanza kama sisi. Huko, katika miaka ya arobaini na hamsini, watoto walikuwa wakivunja viatu vya magurudumu na kuyapigilia magurudumu yake ya chuma chini ya ubao. Wengine walifunga kasha la matunda mbele ili wapate mahali pa kushika. Kasha lilipong'oka, ubao ukabaki peke yake. Vijana waliozoea kuteleza juu ya mawimbi ya bahari waliupenda, kwani uliwawezesha kuteleza nchi kavu siku ambayo bahari imetulia.

Mwanzoni mwa miaka ya sitini viwanda vilianza kutengeneza mbao hizo kwa wingi, na mwaka 1963 mashindano yalifanyika mjini Hermosa Beach. Hata hivyo magurudumu ya wakati ule yalikuwa ya udongo mgumu uliogandamizwa. Hayakushika njia vizuri, na kokoto moja tu ilitosha kulisimamisha gurudumu ghafula huku mchezaji akiendelea na safari bila ubao. Madaktari walilalamika na miji mingi ikapiga marufuku. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1965 biashara ilikuwa imeporomoka, na watu wengi waliamini kwamba mchezo umekwisha kama mitindo mingine ipitayo.

Uliufufuka kwa sababu ya kitu kidogo. Mapema katika miaka ya sabini kijana mmoja Mmarekani, Frank Nasworthy, aliona magurudumu ya plastiki iitwayo poliyurethani, yaliyokuwa yametengenezwa kwa ajili ya viatu vya kutelezea. Aliyajaribu chini ya ubao wake, akakuta kwamba hayapigi kelele, yanashika njia, tena yanazipita kokoto ndogo bila kukwama. Akaanza kuyauza huko Kalifornia. Ndipo vijana walioacha wakarudi, na wengine wapya wakaja. Ukame wa mwaka 1976 na 1977 ulipoyaacha mabwawa mengi ya kuogelea yakiwa matupu, waliingia mabwawani wakapanda na kushuka kuta zake za saruji zilizopinda. Mnamo mwaka 1978 kijana wa Florida, Alan Gelfand, alijulikana kwa ufundi wa kuruka pamoja na ubao bila kuushika kwa mikono, na ufundi huo ndio msingi wa mchezo hadi leo.

Hata ufufuo huo haukudumu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini viwanja vingi vilifungwa kwa sababu ya gharama za bima, na wachezaji wakahamia barabarani na ngazini. Nchini Norway serikali ilikuwa imepiga marufuku mbao hizo tangu mwaka 1978, na marufuku hayo yakaendelea hadi mwaka 1989. Lakini amri haikuuua mchezo. Vijana walijichezea mafichoni, msituni, mbali na macho ya polisi. Nimeona jambo hili kuwa na mafunzo kwa kila mwenye kudhani kwamba jambo lililokatazwa limesahauliwa.

Magurudumu ya Afrika Mashariki

Tusidhani kwamba sisi tulingoja kufundishwa na wageni maana ya gurudumu. Mjini Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, wenye baiskeli walianza katika miaka ya sitini kuwabeba wasafiri kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi cha pili, na wito wao wa Kiingereza cha mpakani ukatuachia neno bodaboda. Leo neno hilo halihitaji tafsiri kuanzia Mombasa hadi Kampala.

Huko Goma, mashariki ya Kongo, nchi ya Waswahili wenzetu, kuna chombo kilicho ndugu wa karibu zaidi wa kigari chetu. Kinaitwa chukudu. Ni cha mbao kitupu, kina magurudumu mawili yaliyovishwa vipande vya mpira wa matairi, na mwendeshaji huweka goti moja juu ya ubao huku akijisukuma kwa mguu mwingine. Chukudu hubeba mamia ya kilo za viazi, makaa au saruji. Watu wa Goma hawakuona aibu juu yake. Walisimamisha sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwendesha chukudu katikati ya mji. Jambo ambalo kwetu lilikuwa mchezo wa watoto, kwao ni kazi ya mtu mzima mwenye familia.

Ubao wa magurudumu wenyewe, ule wa kisasa, ulipata makao yake ya kwanza katika Uganda mnamo mwaka 2006, katika mtaa wa Kitintale upande wa mashariki wa Kampala. Hapo vijana wa mtaa, miongoni mwao Jack Mubiru, walichanganya saruji kwa mikono yao wakajenga miteremko ya kuchezea. Kutokana na juhudi hiyo ulizaliwa muungano wa wachezaji wa nchi nzima. Mpiga picha wa Uswisi, Yann Gross, aliwapiga picha vijana hao, na jina la Kitintale likajulikana ng'ambo. Mjini Nairobi uwanja ulijengwa mwaka 2013 katika makao ya watoto ya Shangilia, na Addis Ababa ikapata wake mwaka 2016.

Kwa nini mchezo huu ulichelewa kutufikia? Si kwa kukosa ushujaa. Ubao wa magurudumu hudai kitu ambacho vijiji vyetu havina kwa wingi, yaani sakafu laini. Juu ya changarawe ya Nakaloke gurudumu la plastiki halisogei hatua tatu. Kwa hiyo, ukichunguza, utaona kwamba historia ya mchezo huu ni historia ya saruji na lami: mahali penye saruji, ndipo penye wachezaji. Vijana wa Kitintale walielewa hivyo, wasingoje serikali. Walianza kwa sakafu, wachezaji wakaja baadaye.

Watu wazima waliorejea

Sasa nifikie kiini cha maneno yangu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba huu ni mchezo wa wenye umri usiofika miaka ishirini. Lakini waliokuwa watoto katika miaka ya sabini na themanini wamekuwa wazee, na wengi wao waliouacha kwa sababu ya kazi, ndoa na malezi wamerudi. Wengine hawakuacha kabisa. Mwaka 1999 Tony Hawk, akiwa na umri wa miaka 31, alikuwa wa kwanza kujizungusha angani mara mbili na nusu katika mashindano na kutua salama, baada ya kuanguka mara nyingi usiku uleule mbele ya umati.

Mchezo huu ulipoingizwa katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, ulimwengu ulishangaa kuona wasichana wa miaka 13 wakitwaa medali. Wachache waliangalia upande wa pili wa orodha. Humo alikuwamo Rune Glifberg wa Denmark na Dallas Oberholzer wa Afrika ya Kusini, wote wawili wakiwa na umri wa miaka 46. Miaka mitatu baadaye, mjini Paris mwaka 2024, Oberholzer alirudi tena, na pamoja naye akaja Andy Macdonald wa Uingereza, mwenye umri wa miaka 51. Katika michezo hiyohiyo China ilileta msichana wa miaka 11, Zheng Haohao. Ni nadra kupata mchezo mwingine ambamo babu na mjukuu wangeweza kuvaa sare za mataifa yao juma moja. Wazee hao hawakupata medali, wala hawakuitarajia.

Je, mwili hukumbuka? Wataalamu wa ubongo wanatuambia kwamba ujuzi wa viungo, kama kuendesha baiskeli au kuogelea, huhifadhiwa katika sehemu za ubongo zilizo tofauti na zile zihifadhizo majina na tarehe, na kwamba ujuzi huo hudumu kwa miaka mingi hata usipotumiwa. Kwa hiyo anayerejea hajifunzi upya, hukumbushwa. Lakini vitu viwili huwa vimebadilika. Kwanza, mifupa si ile ya zamani, na jeraha la wiki moja huwa la miezi mitatu. Pili, na hili ndilo zito zaidi, amejifunza hofu. Mtoto anapoanguka hulia kwa sababu ameumia. Mtu mzima anapoanguka, kwanza hutazama huku na huku kujua nani amemwona.

Siku nilipopanda tena

Likizo moja kijana wa jirani asomaye Kampala alikuja Nakaloke na ubao wake. Alikuwa akicheza juu ya sakafu ya ghala kuukuu la pamba ambalo halitumiki tena. Nilisimama mlangoni siku ya kwanza, nikapita. Siku ya pili nikasimama zaidi. Siku ya tatu akaniambia kwa adabu, "Shikamoo Mwalimu. Karibu ujaribu." Nilichungulia njiani, nikaona hakuna mtu, nikaingia.

Mguu wa kushoto ulikwenda mbele wenyewe, kabla sijaufikiria. Nilishangaa. Nilijisukuma mara moja, mara mbili, na kwa muda wa kama hatua kumi nilikuwa tena barabarani mwaka ule, isipokuwa kelele za chuma hazikuwapo. Kisha nikainamisha macho kuitazama miguu yangu, na papo hapo nikaanguka. Nilitanguliza mkono, kama wafanyavyo wote wasiojua kuanguka, na kifundo cha mkono kikavimba.

Kijana hakucheka. Alisema, "Mwalimu, usiangalie miguu. Angalia uendako. Na ukianguka usiukataze mwili kwa mkono, jikunje uviringike." Halafu akanionyesha jinsi ya kuanguka. Alianguka mbele yangu mara nne au tano kwa makusudi, akiviringika kama mtungi, akiinuka kila mara. Katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kumfundisha mwanafunzi jinsi ya kukosea.

Lugha tuliyoiacha

Nikakumbuka darasa langu la jioni. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoamua mwezi wa Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, nimekuwa nikifundisha watu wazima wachache wa Nakaloke: wachuuzi wa sokoni, dereva, karani mstaafu. Wengi wao si wageni wa lugha hii. Walikuwa nayo utotoni, wakaiacha.

Wasomaji wanaijua historia hiyo, lakini si vibaya kuikumbusha. Mwaka 1927 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kitumike shuleni na katika utawala wa sehemu kubwa ya nchi, naye akapingwa na wakuu wa Buganda na wamisheni wengi. Mwaka 1952 kiliondolewa shuleni, kikabaki katika shule za watoto wa polisi. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa bahati mbaya raia wengi walikisikia hasa kinywani mwa askari, katika amri na matusi. Amin alipoangushwa mwaka 1979, wengi walikifungia pamoja na kumbukumbu nyingine za wakati ule. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikirejesha kama lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 ndipo Baraza likakubali kukitekeleza. Kama ubao wa magurudumu, kimepigwa marufuku, kimekufa, na kimefufuka zaidi ya mara moja.

Katika darasa hilo alikuwamo mama mmoja mwenye umri kama wangu. Nilijua kwamba katika siku za magendo ya kahawa, alipokuwa msichana, alikuwa akivuka na watu wake kwenda kuuza Chepkube, upande wa Kenya, na huko hapakuwa na lugha nyingine ya kupatana bei. Lakini kwa majuma kadhaa alikaa kimya kabisa. Nilimsahihisha siku ya kwanza upatanisho wa ngeli mbele ya wenzake, naye hakufungua kinywa tena. Nilidhani amesahau. Kumbe hakusahau lolote. Alikuwa ameanguka mara moja, nami nilikuwa yule aliyemwona.

Jioni ile niliingia darasani mkono ukiwa umefungwa kitambaa. Waliponiuliza, niliwaeleza ukweli wote, ghala, ubao na anguko. Darasa zima lilicheka, na mama yule akacheka kupita wote. Kisha akasema, "Pole Mwalimu. Sisi wazee tunaanguka kama magunia, lakini tunaanguka na akili." Ngeli zake zote zilikuwa sawa. Na hata zisingalikuwa sawa, nisingalizisahihisha jioni ile.

Maneno ya mwisho

Tumezoea kusema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli kwa samaki. Lakini mtu mzima anayerejea si samaki mkavu. Ndani yake mna ujuzi uliolala, na kazi ya mwalimu ni kumpatia mambo mawili tu: sakafu laini ya kutelezea, na ruhusa ya kuanguka bila kufedheheshwa. Vijana wa Kitintale waliijenga sakafu yao kwa saruji. Yetu tutaijenga kwa subira, kwa kuchagua saa ya kusahihisha na saa ya kunyamaza, na kwa kukubali sisi wenyewe kuonekana tukikosea.

Nawaomba walimu wenzangu wa Mbale, Jinja na kwingineko wanaofundisha watu wazima watuandikie katika taarifa hii jinsi wanavyowapokea wanaorejea. Ama mimi, kifundo kimepona. Kijana amerudi Kampala, lakini ubao ameniachia mpaka likizo ijayo. Ghala li karibu na nyumba yangu, na siku hizi sichungulii tena njiani kabla ya kuingia.